Shali ya Harusi ya Nube

Targelia Lituma alikuwa na ulimi mkali na mkono mzuri, na watu wa Pucaloma walimvumilia ulimi kwa sababu ya mkono. Katika bonde zima la Gualaceo hapakuwa na mtu aliyeijua nili, ile rangi ya kuchovya uzi, kama yeye. Mtungi wake ulikaa nyuma ya jiko, ukitoa povu la kijani, na ukipita njia ya juu ulisikia harufu yake kabla hujaiona nyumba. Uzi wa pamba uliingia mle ukiwa mweupe, ukatoka na ukijani wa majani mabichi, kisha upepo ukiushika unageuka buluu huku unautazama. Wageni waliokuja kuona walipiga makofi. Targelia aliwaambia wasogee, wanamzibia mwanga.

Jambo moja kuhusu nili: buluu na nyeusi hutoka mtungi mmoja. Ukichovya uzi kwa kiasi, unapata buluu ya shali ya harusi. Ukizidi kuchovya, unapata nyeusi ya shali ya msiba. Hakuna dawa ya kuongeza wala kengele ya kukuonya. Ni jicho la mwenye mtungi tu linalosema basi, imetosha. Jicho la Targelia lilikuwa likisema hivyo tangu akiwa msichana, na halikuwahi kukosea, ndiyo maana alijiamini kupita kiasi.

Lakini macho huzeeka, na uzee wake haupigi hodi. Kile kioo cha ndani ya jicho kinaanza kuingia manjano kidogo kidogo, mfano wa pazia la jikoni, na kwa kuwa mambo yanakwenda taratibu mwenyewe hana habari. Rangi ya kwanza kuibiwa ni buluu. Ile nyepesi inaelekea kijani, ile iliyokolea inazama na kuwa giza tupu. Targelia hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba dunia imekuwa chafu na watu wamekuwa wadanganyifu.

"Huu uzi umeuchovya kwenye chai?" alimrushia muuza uzi fungu lake sokoni. "Nimeomba mweupe, wewe unanipa wa manjano!"

"Mama Targelia, mweupe pe huo. Hebu utazame juani."

"Utanifundisha rangi wewe? Mimi nilikuwa natia rangi wewe bado unanyonya!"

Muuza uzi akamtafutia fungu jingine la uzi uleule, na Targelia akalichukua akiwa ameridhika. Shuka alizofuliwa na jirani alizirudisha mara mbili, eti hazijatakata. Watu wakasema ujane umemtia uchungu, maana mumewe, Asencio, alikuwa amefariki miaka michache nyuma, na tangu hapo nyumba ile haikusikia wimbo. Hakuna aliyefikiria macho. Angefikiriaje, wakati kuku akiingia kwenye mahindi ya Targelia, alimwona akiwa juu kilimani na kumtukana pamoja na mwenye kuku?

Aliyebaki naye nyumbani alikuwa mjukuu wake, Nube. Wazazi wa Nube walikwenda Marekani binti akiwa hajaota meno, wakabaki kuwa sauti kwenye simu na sanduku la nguo kila Krismasi. Targelia ndiye aliyemlea, kwa supu ya viazi, makofi machache, na upendo ambao hakuwahi kuutamka. Nube alikua, akapata kazi kwenye karakana ya viatu mjini Gualaceo, na huko akampata Wilmer Zhunio, kijana mpole mwenye meno ya mbele yaliyopishana, fundi wa visigino. Kosa lake lilikuwa moja tu. Kaka zake wote walikuwa wameshakwenda Marekani.

"Atakuchukua na wewe," alisema Targelia siku Nube alipomletea habari. "Au atakuacha hapa na tumbo aende mwenyewe. Yote mawili nimeyaona kwa macho yangu."

"Bibi, Wilmer hajasema anaondoka."

"Huwa hawasemi. Mama yako naye hakusema. Aliniachia wewe kitandani, akaniambia anakuja."

"Mimi sio mama!"

"Hata yeye alisema hivyohivyo."

Wakapandishiana sauti, na majirani waliokuwa wakipukuchua mahindi nyuma ya ukuta wakaacha kupukuchua. Nube alipotoka na begi lake, Targelia alimfuata mpaka mlangoni, akapaza sauti bonde zima likasikia: "Siku utakayoolewa kwa akina Zhunio, nitavaa nyeusi!"

Binti hakugeuka. Alikwenda kukaa kwa mama yake wa ubatizo, huko mjini.

Targelia alijuta kabla Nube hajafika kwenye kona. Lakini kuomba radhi ni kazi ambayo hakuwahi kujifunza, na mdomo wake kila ulipojaribu ulitoa kitu kingine. Asencio angekuwa hai angekwenda kusema kwa niaba yake, kama alivyofanya maisha yao yote. Sasa hakuwa na wa kumtuma. Alikuwa na mtungi tu.

Huko kwetu shali ya bibi harusi hutoka kwa bibi yake. Anamvika mabegani mlango wa kanisa, mbele ya watu wote, na hapo ndipo inajulikana kwamba binti ametolewa kwa moyo safi. Na kabla ya siku hiyo shali haionwi na mtu. Jicho la mwingine likiitangulia, wanasema, furaha imeshaonjwa. Kwa hiyo Targelia alifunga mlango, akateremsha pazia, akaanza kazi.

Alifunga uzi kwa katani, kifundo baada ya kifundo, pale ambapo alitaka pabaki peupe, mpaka ndege wote wa pambo la harusi wakawa wamelala ndani ya mafundo wakisubiri. Kisha akachovya. Alipoutoa uzi alingoja buluu ije, naye akaona bado una kijani. Akaurudisha. Akautoa, bado kijani. "Leo umekuwa mkaidi," aliugombeza mtungi. Akaurudisha tena, na tena. Mwishowe akatoa sandukuni shali yake mwenyewe ya harusi, aliyovikwa siku alipoolewa na Asencio, akaiweka kando ya ule uzi mlemle jikoni. Akaona vimelingana. Vyote vilikuwa vimekolea, vimetulia, vizuri kabisa.

"Haya, imetosha," alisema, na machozi yakamtoka kwa furaha. Na kumbe uzi ulikuwa umeipita buluu siku nyingi.

Akafuma. Alipofika kwenye matamvua, akakaa nayo muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote maishani mwake, akiyafunga kwa uzi mweupe: ndege mmoja, upande huu herufi ya jina la Nube, na upande ule, baada ya kuguna sana, herufi ya yule fundi wa visigino. Hiyo ndiyo iliyokuwa radhi yake. Aliamini Nube akiiona ataelewa kila kitu, na yeye hatalazimika kusema neno.

Siku ya harusi alivaa viatu vyake vizuri, akateremka na furushi la nguo kifuani. Nube alikuwa mlangoni mwa kanisa, amevaa nyeupe, na alipomwona bibi yake anakuja uso ulimchanua. Alikuwa amekesha akilia kwamba hatakuja. Targelia alifungua furushi, akaikunjua shali hewani kama inavyotakiwa, akamwekea binti mabegani.

Mpiga akodiani aliacha kupiga katikati ya wimbo.

Ilikuwa nyeusi tii. Nyeusi ya jeneza, na ndege weupe juu yake, tena ndege wa harusi, jambo lililoonekana kuwa kejeli ya makusudi. Mama yake Wilmer, Digna Zhunio, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu! Msiba kwenye harusi ya mwanangu!"

"Si alisema atavaa nyeusi?" mtu mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika. "Kumbe alimaanisha atamvika mtoto."

Nube alikuwa akiitazama ile shali kifuani mwake. "Bibi," alisema, "umenichukia kiasi hiki?"

"Nimekuchukia? Mimi?"

"Nyeusi, bibi! Siku ya harusi yangu!"

"Nyeusi gani?" Targelia alimtazama, akawatazama wote. "Ni ya buluu hiyo! Mmeingiwa na wazimu nyote?"

Hapo ndipo alipojimaliza. Kama angelia wangemsamehe, kama angenyamaza wangesema uzee. Lakini kusimama mbele ya watu na kusema nyeusi ni buluu, tena kwa ukali, watu waliona ni ufedhuli. Nube aliivua shali, akaikunja bila kuitazama tena, akaingia kanisani mabega wazi.

Targelia alirudi nyumbani peke yake na viatu vyake vizuri. Hakuonja mahindi wala simbilisi wa kuchoma wala pombe ya miwa. Njia nzima alikuwa akijiuliza hawa watu wamemfanyia nini mtoto wake, mpaka naye anasema uongo mchana kweupe. Akina Zhunio wamemfundisha anikatae, alijiambia, wakatafuta kisingizio. Na iliuma, kwa sababu alikuwa ametoa kila alichokuwa nacho.

Wakaachana hivyo, kila mmoja akiwa na hakika kwamba ni mwenzake aliyemuumiza. Targelia aliwasimulia kuku. Nube hakumsimulia mtu. Shali aliitupa chini ya kitanda ilivyokunjwa, wala hakuigusa. Wilmer hakwenda Marekani. Alifungua kibanda chake cha viatu karibu na soko. Lakini kwa Digna kila baya lililotokea lilikuwa na mama mmoja. Cherehani ikiharibika, ni shali ile. Mkate ukiungua, ni shali ile. Nube alipopata mimba, Digna alikuja na kiberiti mkononi.

"Mwanangu, mimi sikulaumu wewe," alisema. "Lakini kitu kile kichomwe kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto hazaliwi juu ya msiba."

"Nitakichoma, mama," alijibu Nube.

"Lini?"

"Ikipita misa ya babu."

Hata yeye hakujua kwa nini alisema hivyo. Alikuwa akitafuta siku za kuongeza, basi.

Misa ya kumkumbuka Asencio ilisomwa kila mwaka, na Nube hakuwahi kuikosa, kwa sababu babu hakuwa na ugomvi na mtu. Alikaa nyuma. Targelia aliingia akiwa ameinua kichwa, akapita katikati mpaka mbele, na kanisa likaanza kunong'ona. Shali yake ilikuwa nyeusi, sawa. Lakini chini alivaa sketi ya buluu, ile ya sikukuu ya Mtakatifu Santiago, ile aliyochezea ngoma na Asencio.

"Mjane kaja na sketi ya ngoma kwenye misa ya mumewe."

"Uzee huo."

"Uzee wapi? Jeuri! Si unamjua?"

Nube aliinama kwa aibu. Kisha akainua macho, akamtazama tena yule bibi mgongoni. Huyu alikuwa mwanamke ambaye siku hiyo ya mwaka hakuruhusu hata redio ya jirani iwashwe. Mwanamke aliyempiga Nube kofi, tayari akiwa msichana mkubwa, kwa kuja mezani na utepe mwekundu siku kama hii. Angeweza kuja kwenye misa ya Asencio na shuka, na gunia. Na buluu? Labda wamfunge kamba. Nube akainuka na tumbo lake, akaenda kukaa karibu naye.

"Bibi."

Targelia hakugeuka. "Umepotea? Akina Zhunio wanakaa upande ule."

"Bibi, umevaa sketi gani?"

"Ya babu yako. Ile nyeusi. Ulitaka nije na nyekundu?"

Nube alimtazama usoni. Hapakuwa na kejeli pale, wala hasira. Palikuwa na mwanamke mzee aliyevaa vizuri kwa ajili ya mumewe.

"Nyeusi," alirudia Nube.

"Nyeusi, ndiyo. Na unyamaze, padri anatutazama."

Nube aliushika mkono wake, ule mkono wenye kucha zisizotakata nili, akaanza kulia. Targelia alidhani anamlilia babu. Akasahau kwamba wamegombana, akaubana mkono ule. "Na mimi namkumbuka," alisema.

Baada ya misa walipanda nyumbani pamoja. Nube alitoa sandukuni sketi ya pili, akamwomba bibi ajifunge shuka ya kitandani kwa muda, akazitundika zote mbili ukutani juani.

"Hizi ni rangi gani, bibi?"

"Nyeusi mbili. Mbona unanichezea? Ile ya buluu umeipeleka wapi?"

"Ndiyo hii. Hii ndiyo uliyovaa kanisani."

"Nani kakutuma?" Targelia alifoka. "Ni Digna?"

Nube alisimama tu akilia, na Targelia, aliyemjua mtoto huyu tangu hajaota meno, aliona kwamba si uongo. Alizikaribia zile sketi, akazigusa, akazipeleka puani. Akatafuta ukingo wenye kiraka alichokishona mwenyewe kwenye ile ya ngoma, na vidole vikakikuta pale Nube alipokuwa amesema. Akakaa chini kwenye jiwe la kusagia.

"Kwa hiyo ile shali," alisema.

"Ndiyo, bibi."

"Nyeusi?"

"Nyeusi tii."

Targelia alijifunika uso kwa mikono. "Nilikuvika msiba kwa mikono yangu. Nikakubishia mbele ya watu. Na wewe umekaa miezi yote ukidhani nakutakia mabaya." Alilia kwa sauti, bila kujali majirani, yeye ambaye hata kwenye mazishi alilia kwa kujizuia. "Na nilimfungia yule fundi wako herufi yake. Kwenye matamvua. Hukuona?"

Nube hakuwa ameona. Alirudi mjini karibu kwa mbio, tumbo au si tumbo, akaivuta shali kutoka chini ya kitanda na kuikunjua kwa mara ya kwanza. Herufi yake, ndege, na herufi ya Wilmer, vimefungwa kwa mafundo madogo ambayo macho yale yasingeyaweza ila kwa kupapasa. Wilmer aliporudi alimkuta amekaa sakafuni, ameifunika magoti kwa ile shali.

Daktari wa mji mkubwa wa Cuenca alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na wataanza na la kulia. Targelia alimwuliza kwa nini halikumuuma. Daktari akasema halina kawaida ya kuuma. "Basi lina hila," alijibu Targelia, na hapo wakapatana.

Bandeji ilipotolewa, Nube alikuwa akimsubiri nje, kwenye ngazi. Targelia alitoka akiwa anapepesa, akasimama. Juu ya mapaa kulikuwa na makuba ya buluu ya kanisa kuu.

"Wameyapaka lini?" aliuliza.

"Hayajapakwa, bibi. Ndivyo yalivyokuwa siku zote."

Targelia alifumba jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto. Akafumba la kushoto, akatazama kwa la kulia. Alifanya hivyo mara nyingi, mpaka wapita njia wakawa wanamkwepa. "Wameniibia," alisema polepole. "Wameniibia buluu yote, na mimi nilikuwa nagombana na muuza uzi." Kisha akageuka kumshika mkono mjukuu wake, akaona alichovaa mabegani.

"Vua," alisema.

"Sivui."

"Nube, nimeiona sasa. Ni nyeusi kama sufuria. Vua, nitakutengenezea nyingine."

"Tengeneza ya mtoto. Hii ni yangu."

Walifika Gualaceo saa ya soko, na ikawa kana kwamba Digna alikuwa akiwangoja. Alikuwa na wenzake karibu na vikapu vya mahindi, na alipoona ile shali alipiga kelele kabla ya salamu.

"We Nube! Si ulisema utaichoma? Unatembea na msiba huo na tumbo lako, sokoni!"

Watu wakageuka. Nube aliivuta shali vizuri mabegani, matamvua yakaonekana.

"Ni ya buluu, mama," alisema.

Targelia alisikia maneno yake mwenyewe ya mlango wa kanisa yakitoka kwenye kinywa cha mtoto huyu. Alipita mbele, akasimama mbele ya Digna, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikubali kosa mbele za watu.

"Nyeusi, Mama Digna," alisema. "Mtoto ananitetea tu. Ni nyeusi, na niliifanya mimi, na sikujua. Macho yangu yalikufa kwa buluu, na kiburi kikanizuia kumwuliza mtu. Lakini sikumwapiza. Haki ya Mungu, sikumwapiza. Tazama huku chini, ni jina la mwanao hilo."

Digna aliinama, kwa kuwa yeye pia alikuwa mama. Alishika matamvua, akaifuata ile herufi kwa kidole. Kisha akampangusa Nube shavu, akaingiza kile kiberiti alichokuwa akitembea nacho ndani kabisa ya mfuko wa aproni.

"Ni ya buluu, Mama Targelia," alisema. "Hebu acheni kubishana, mama mjamzito amesimama juani."

Sasa Targelia ana mtungi uleule, na akitia rangi anamwita Nube, au Wilmer, au yeyote anayepita njia ya juu, aje amwambie imetosha, ingawa jicho la kushoto nalo limeshatengenezwa na haonekani kuhitaji mtu. Anasema anapenda kuuliza. Mtoto alizaliwa, akabebwa mgongoni kwa shali ile mpaka akajua kutembea. Na ukija Pucaloma ukauliza shali ya Nube ina rangi gani, utaambiwa na mkubwa na mdogo kwamba ni ya buluu, na nakushauri usibishe.